Zana ya simu ya kumsaidia mzazi kuamua kuhusu chanjo ya HPV: mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi Dar es Salaam

Mama mmoja wa Mbagala alinionyesha simu yake. Binti yake alikuwa amerudi na karatasi ya shule: wiki ijayo wasichana watachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jioni hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao, ikatua sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, anasema sindano hiyo inafunga kizazi. Mama akauliza kundini, "Jamani, ni kweli?" Yakaja majibu 14, na hakuna hata moja lililotoka kwa mtu wa afya. Siku ya chanjo binti alibaki nyumbani. "Sikuikataa chanjo," aliniambia. "Nilikosa wa kumwuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuanze, mimi nikiwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto pamoja na vijana wawili wanaoandika programu. Tulitengeneza zana ya uamuzi ya kwenye simu, tukaibomoa, tukaijenga tena. Hapa naweka njia tuliyopita, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mratibu wa chanjo, au kijana wa programu aliyeambiwa na shirika dogo "tutengenezee kitu cha chanjo" na hajui aanzie wapi.

Mfano wangu ni chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayozua maswali mengi zaidi kwetu. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 nchi ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabadiliko hayo yana msingi mzuri wa kitaalamu, lakini mzazi ambaye hakuelezwa anayaona kama dalili kwamba wataalamu wenyewe hawana uhakika.

Kabla ya hatua: tuelewane zana yenyewe ni nini

Tangazo linasema "mchanje binti yako". Zana ya uamuzi inaanza upande wa pili: inamuuliza mzazi anahofia nini, inampa ukweli wa njia zote mbili, kuchanja na kutochanja, inamsaidia kupima lipi lina uzito kwake, kisha inamwonyesha pa kwenda. Fani hii ina historia. Kuna viwango vya kimataifa vya zana za uamuzi kwa wagonjwa, na taasisi ya utafiti ya hospitali ya Ottawa, Kanada, imekuwa ikiandaa miongozo yake kwa miaka mingi. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, uliotoka 2024 ulikusanya tafiti 209. Ulionyesha kwamba watu waliotumia zana hizi hupata uelewa zaidi, hukadiria hatari kwa usahihi zaidi, na hupungukiwa na ule mkanganyiko wa "nifanye, nisifanye".

Kwa chanjo peke yake tafiti ni chache, na hapo lazima tuwe wakweli. Uingereza ya kaskazini walijaribu zana ya mtandaoni kwa wazazi waliokuwa wakisita kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Hofu hiyo ilipandwa na makala ya 1998 iliyodai chanjo inaleta usonji, makala ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mkanganyiko wa wazazi ulipungua waziwazi. Idadi ya waliochanja, hata hivyo, ilikuwa juu karibu kwa kila kundi tangu awali, kwa hiyo usiahidi mfadhili kwamba zana yako itapandisha asilimia za chanjo peke yake. Ahidi kwamba mzazi atapata wa kumwuliza.

Hatua ya 1: Sikiliza wiki mbili bila kuandika programu

Vijana wangu walitaka kuanza na skrini. Niliwazuia. Tulikwenda kwenye foleni ya kliniki asubuhi, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kwenye vikoba viwili, na kwenye kijiwe cha bodaboda. Kijiwe usikiache: akina baba wengi wa mitaa yetu hawafiki kliniki, lakini neno lao la jioni ndilo linaloamua kama binti ataenda au hataenda. Onana pia na mwalimu wa madrasa na kiongozi wa kanisa. Hata kama hutamwomba akutangazie, mjulishe mapema, maana akiulizwa na waumini hajui lolote, ukimya wake utachukuliwa kuwa ni jibu.

Uliza swali moja la wazi: "Ukisikia chanjo ya HPV, kitu gani kinakujia kwanza?" Kisha nyamaza. Andika maneno yaleyale ya mtu, usiyasafishe. Sisi tulirudi na maswali kama haya: Kwa nini wasichana tu? Miaka 9 bado mtoto, ana haraka gani? Hii si dawa ya kupanga uzazi kwa siri? Akichanjwa si ataona amepewa ruhusa ya mambo ya kikubwa? Mbona zamani zilikuwa sindano mbili? Akianguka shuleni nani atanipigia?

Yapange maswali kwenye mafungu manne, kwa kufuata mfumo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa 2022: watu wanafikiri na kuhisi nini, jamii inayowazunguka inasema nini, wana nia gani, na vikwazo gani vya kawaida vinawazuia. Fungu la nne lilitushangaza kwa ukubwa. Wengi waliohesabiwa kuwa "wamekataa" walikuwa na binti anayeishi kwa bibi, binti aliyeacha shule, au binti aliyekuwa mgonjwa siku ile na hakuna aliyewaambia kwamba chanjo inapatikana kituoni pia. Watu hao hawahitaji kuondolewa hofu. Wanahitaji mahali, siku na saa.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa kuangalia simu iliyo mkononi mwa mzazi

Mjini hapa kuna simu janja nyingi, na kuna vitochi vingi. Usidanganywe na kundi lako mwenyewe la WhatsApp.

WhatsApp inafaa kwa mwenye bando. Ina picha, sauti na vitufe. Ujue mipaka yake mapema, maana itaamua maandishi yako: ujumbe mmoja unabeba vitufe vitatu tu vya kujibu, na kila kitufe hakizidi herufi 20. "Naomba kuongea na nesi" ina herufi 22, haiingii. Tukaandika "Niongee na nesi". Ukitaka machaguo zaidi, tumia orodha, ambayo inabeba hadi 10. Pia, mzazi akishakuandikia una saa 24 za kumjibu kwa uhuru; baada ya hapo unaweza kumtumia kiolezo tu, yaani ujumbe ulioandikwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp. Kwa hiyo ujumbe wa kumkumbusha siku ya chanjo uombee idhini mapema.

Meseji ya kawaida inafika kila simu. Nafasi yake ni herufi 160, na Kiswahili kinakaa vizuri kwa sababu hakina alama za ajabu juu ya herufi. Ila ukiweka kikatuni kimoja cha uso unaocheka, au alama za kunukuu zilizopinda zinazotoka kwenye programu ya kuandikia, nafasi inashuka hadi herufi 70 na gharama inaongezeka bila wewe kujua. Hii ndiyo meseji yetu ya kwanza, na inatosha ndani ya 160:

"Karibu. Hapa utapata majibu kuhusu chanjo ya HPV ya binti yako. Jibu namba: 1 Ni nini 2 Usalama 3 Uzazi 4 Wapi na lini 5 Ongea na nesi"

Menyu ya nyota na reli ni nzuri kwa sababu haihitaji bando, lakini kila skrini ina herufi 182 tu na ukichelewa kusoma inakatika. Namba yake na namba fupi ya meseji huwezi kujitungia. Zinapitia Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za simu, na mchakato huo unachukua muda. Anza na WhatsApp na meseji za namba ya kawaida wakati maombi yanaendelea.

Njia ya nne ni sauti, nayo naipenda kuliko zote. Rekodi ya chini ya dakika moja, nesi anazungumza taratibu kwa Kiswahili cha hapa mjini, inasikilizwa na bibi asiyesoma, inachezwa kwa sauti kubwa sebuleni, halafu inasambazwa kundini. Uvumi ulimfikia yule mama kwa sauti. Jibu nalo lifike kwa sauti.

Hatua ya 3: Andika majibu (hapa ndipo kazi yote ilipo)

Kwanza chunga majina. Watu hufupisha "chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi" wakabaki na "chanjo ya kizazi", na jina hilo peke yake ni nusu ya uvumi. Sisi tunaandika "chanjo ya kuzuia kansa", kisha tunaeleza ni kansa ipi. Neno "madhara" liliwatisha wazazi wote tuliowasomea. Tukajaribu "maudhi madogo madogo", tukagundua tumeharibu zaidi: hayo ndiyo maneno ambayo akina mama huambiwa wanapoanza sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, na wakaunganisha papo hapo. Sasa tunasema tu, "Baada ya sindano binti anaweza kuhisi..." Vivyo hivyo "majaribio": ukisema chanjo ilifanyiwa majaribio Mwanza, mtu anasikia mabinti wetu wanajaribiwa. Sema "utafiti", na eleza wazazi waliridhia.

Pili, kila jibu lianze na ukweli, lisianze na uvumi. Ukiandika kwa herufi kubwa "SI KWELI KWAMBA CHANJO INAFUNGA KIZAZI", msomaji anayepita haraka anaondoka na maneno mawili ya mwisho. Anza na lililo kweli, taja uvumi mara moja kwa upole, eleza umetoka wapi au kosa lake liko wapi, kisha rudi kwenye ukweli. Jibu letu la uzazi linasomeka hivi:

"Chanjo hii haigusi uwezo wa kuzaa. Inafundisha mwili kupigana na kirusi cha HPV. Wapo wanaosema inafunga kizazi. Shirika la Afya Duniani limefuatilia usalama wake kwa miaka mingi na halijaona ushahidi huo. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni kansa yenyewe, kwa sababu matibabu yake wakati mwingine hulazimu kuondoa mfuko wa uzazi."

Tatu, namba. Mzazi anadharauliwa mno katika suala hili. Anaelewa namba ukimpa kwa picha anayoijua. Usiseme "asilimia 70 ya kesi husababishwa na aina ya 16 na 18". Sema: kati ya wanawake 10 wanaougua kansa hii, 7 hivi wamepata kutokana na aina mbili za kirusi ambazo chanjo inazikinga. Chora wanawake 10 na paka rangi 7. Hapohapo sema kwamba wamebaki 3, na ndiyo maana binti aliyechanjwa akikua bado atahitaji kwenda kupimwa. Kuficha hao 3 ni kujichimbia shimo.

Hatari nayo ipe namba yake. Mwaka 2017 kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipitia taarifa zilizokuwepo baada ya dozi zaidi ya milioni 270 kusambazwa duniani. Mzio mkali wa ghafla ulikadiriwa kutokea mara 1.7 kwa kila dozi milioni moja. Milioni moja ni nini? Sisi tunasema hivi: jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa mara 17, wote wachanjwe, mmoja au wawili ndio wangepata mzio huo, na nesi ana dawa ya kuutibu palepale. Wazazi walinyamaza kidogo waliposikia mfano huo, kisha wakauliza swali zuri: "Na hiyo dawa kituoni ipo kweli?" Hakikisha ipo kabla ya kuandika.

Kuhusu faida, mfano mzuri ni wa Uswidi: utafiti uliotoka 2020 ulifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, na waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na kansa hii kwa kiwango cha chini kwa asilimia 88. Kwa lugha ya sebuleni: pale ambapo wangeugua 100, waliugua 12 hivi. Uskoti, kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 tangu mpango wao uanze 2008, taarifa ya 2024 haikumkuta hata mmoja mwenye kansa hiyo. Hapa kwetu hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake, zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 wanakadiriwa kila mwaka, na wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya kansa ya hapa mjini, ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Mtu yeyote Dar es Salaam anamjua mtu aliyempeleka mgonjwa Ocean Road. Taja hilo mara moja, usimtese mzazi nalo. Hofu humfanya afunge simu.

Swali la umri lijibiwe kwa heshima. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo hukinga tu, haitibu aliyekwisha ambukizwa. Ndiyo maana hutolewa mapema sana. Kansa yenyewe huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Tunaandika: "Tunamchanja akiwa mtoto ili kinga iwepo miaka mingi kabla ya ndoa." Neno ndoa lilipendekezwa na mama mmoja wa Temeke, na limefanya kazi kuliko sentensi zangu zote za kitaalamu.

Na dozi moja? Eleza wazi kwamba sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa nchini: wasichana 930 wa Mwanza, miaka 9 hadi 14, waligawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu, na miaka miwili baadaye karibu wote waliopata moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaridhia utaratibu wa dozi moja. Ongeza sentensi hii kwa kila mzazi bila kumuuliza chochote: "Binti mwenye upungufu wa kinga mwilini huhitaji zaidi ya dozi moja, zungumza na kliniki anakohudumiwa." Usiweke swali la hali ya VVU kwenye zana. Mwenye kuhusika ataelewa.

Mwisho, kuzimia. Vijana wa rika hili wanaweza kuzimia kwa sindano yoyote, na akianguka mmoja darasani wengine hufuata. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba binti akae kwa dakika 15 baada ya sindano, na anywe chai asubuhi, hatashtuka akisikia. Asiyeambiwa atasambaza sauti kundini. Pia mwambie mkono utauma, homa au kichwa vinaweza kuja siku moja au mbili.

Hatua ya 4: Jenga mtiririko wenye mlango wa "bado"

Toleo letu la kwanza lilikuwa na vitufe viwili mwishoni: "Nakubali" na "Sikubali". Watu walikuwa wanaondoka kabla ya kubonyeza. Mama mmoja alisema, "Inanisukuma kama konda." Tukabadilisha: "Nimeamua achanjwe", "Bado nafikiria", "Niongee na nesi". Kila mtu akaanza kufika mwisho. Aliyebonyeza "Bado nafikiria" anaulizwa swali moja tu, "Nini kimebaki kukusumbua?", anaandika au anarekodi sauti, na anajibiwa na mtu. Ukikosa mlango huu, zana yako ni tangazo lililovaa kanzu ya ushauri, na wazazi wataigundua.

Kabla ya vitufe hivyo weka kipande kidogo cha kupima uzito. Mpe mzazi sentensi nne au tano na aseme kila moja ina uzito gani kwake: binti asipate kansa akiwa mkubwa, binti asiumie sasa, mume au wazee waafiki, imani yangu iheshimiwe, nisikose kazi siku hiyo. Halafu mrudishie majibu yake mwenyewe: "Umesema kinachokugusa zaidi ni baba yake kuafiki. Hii hapa sauti ya sekunde 50 ya kumsikilizisha." Kipande hiki ndicho kinachotofautisha zana na kipeperushi, na ndicho ambacho wengi wanakiruka kwa sababu ya haraka.

Lugha ya zana iwe ya mtu. Ianze na "Karibu" au "Habari za saa hizi, mzazi". Usimwite "mtumiaji". Usitume usiku wa manane. Sisi tunatuma kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wamerudi kutoka mihangaikoni na familia iko pamoja.

Nimeulizwa sana kuhusu akili mnemba itunge majibu yenyewe. Kwa sasa siikubali katika kazi hii. Jibu moja la kubuni kuhusu kizazi cha mtoto wa mtu litavunja imani ya mtaa mzima. Unaweza kuitumia kutambua swali la mzazi linahusu fungu gani, hata akiandika kwa vifupisho, lakini jibu litoke kwenye orodha iliyosomwa na kusainiwa na wataalamu wa chanjo.

Hatua ya 5: Mwisho wa njia awepo mtu na iwepo siku

Kitufe cha nesi kiwe na nesi kweli. Panga zamu, tangaza saa, na nje ya saa hizo mwambie mzazi atajibiwa lini. Mwelekeze pia kwenye namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kupiga ni bure. Kisha mpe kituo kilicho karibu na kata yake, siku zinazotolewa chanjo hiyo, na uandike wazi kwamba chanjo ni bure na binti asiyesoma anapokelewa pia. Orodha hiyo ihakikishwe kila wiki kwa simu. Kumtuma mama kutoka Chamazi kwa daladala mbili akakuta chanjo imeisha ni kumpoteza moja kwa moja.

Hatua ya 6: Vibali na siri

Nenda kwa Mganga Mkuu wa Manispaa na mratibu wa chanjo kabla ya kutangaza chochote. Majibu yako yote wayasome. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue. Ukikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, omba kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inataka wakusanyaji wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Njia rahisi ya kuitii ni kutokusanya. Sisi tunauliza umri wa binti na kata tu. Jina la mtoto hatulitaki, shule hatuiulizi. Mweleze mzazi kwa sentensi mbili tunahifadhi nini na kwa muda gani, na andika "Jibu FUTA kuondoa taarifa zako". Kisha jaribu mwenyewe kama FUTA inafuta.

Hatua ya 7: Jaribu na wazazi 10, kisha wengine 10

Kaa kwenye benchi la kliniki, mpe mama simu, mwombe asome kwa sauti na aseme anachofikiri. Usimsaidie. Andika pale kidole kinaposimama. Wazazi 10 wanatosha kuonyesha makosa makubwa. Rekebisha, rudi na wengine.

Kabla na baada ya kutumia zana, uliza maswali manne ya ndiyo au hapana, yaliyotokana na kipimo kifupi cha Kanada kiitwacho SURE. Je, una uhakika na uamuzi unaokufaa? Je, unajua faida na hatari za kila njia? Je, unajua zipi zina uzito zaidi kwako? Je, una watu wa kutosha wa kukushauri na kukuunga mkono? Ndiyo ni alama 1. Asiyefika 4 bado ana mkanganyiko, na swali alilojibu hapana linakuonyesha sehemu gani ya zana haifanyi kazi. Kwetu la nne ndilo lililogoma muda mrefu, mpaka tulipoongeza sauti ya kumsikilizisha baba.

Hatua ya 8: Izindue kidogo, pima, sahihisha

Anza na kata moja, shule mbili au tatu, wiki tatu kabla ya siku ya chanjo. Bandika namba kwenye karatasi ileile ya shule, maana hapo ndipo swali linapozaliwa. Hesabu wangapi walianza, wangapi walifika mwisho, wangapi walichagua kila mlango, na kwa msaada wa kituo, wasichana wangapi wa kata ile walichanjwa ukilinganisha na kata jirani. Aliyesoma kila kitu na akaamua kutochanja mwandike kama alivyo, na umshukuru kwa muda wake. Wawili kati ya waliotuandikia hivyo walirudi wenyewe baada ya miezi, kwa sababu hatukuwagombeza.

Kila Ijumaa mchana tunakaa na orodha ya maswali ambayo zana ilishindwa kuyajibu. Huwa tunasoma yote kwa sauti, hata yale ya matusi. Uvumi mpya unaonekana hapo siku kadhaa kabla haujafika kliniki. Swali likitokea mara tatu linaandikiwa jibu, jibu linapelekwa kwa mratibu wa chanjo Jumatatu, likirudi linarekodiwa sauti na kuwekewa tarehe. Wiki iliyopita lililoongoza lilikuwa hili: "Binti yangu ameshafika 15, nimechelewa?" Ni mzazi anayetaka chanjo na anaogopa imempita. Tulimpigia kila mmoja aliyeuliza, na sasa swali hilo liko kwenye skrini ya kwanza.